Subira ya Mume Juu ya Nywele za Mkewe Zilizounguzwa na Dawa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote na Mwenye kuvipa sura aitakayo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Watu wakisikia neno subira, fikira zao huenda mbali. Humkumbuka aliyefiwa na mwanawe, au nahodha aliyevunjikiwa na chombo, au tajiri aliyeunguliwa na ghala lake. Ni wachache wakumbukao ya kuwa subira hutakiwa pia mbele ya kitana kilichojaa nywele zilizokatika, na ya kuwa mtu aweza kufaulu katika ile subira kubwa ya msibani, mbele ya macho ya watu, kisha akaanguka katika hii ndogo, nyumbani kwake, pasipo shahidi ila Mola wake. Khabari ifuatayo ni ya hiyo ndogo.

Ilikuwako katika mji mmoja wa pwani hii nyumba ya mtu mwenye duka, mtu wa sala tano na wa safu ya mbele, asiyejulikana kwa ubaya wo wote. Alikuwa na desturi, kila arudipo baada ya sala ya Isha, kukaa ukumbini na simu yake mkononi, akitazama picha zipitazo humo. Na katika hizo zilikuwamo picha za wanawake wa nchi za mbali wenye nywele za rangi ya dhahabu. Akimwita mkewe, akimwonyesha, akisema, "Hebu tazama, bibi, nywele zilivyo." Hakuwa na nia ya kumwumiza. Mkewe akitazama, akinyamaza, akirudi jikoni. Nywele zake mwenyewe zilikuwa nyeusi na nyingi, zikifumuliwa zafika kiunoni, na mume alikwisha zizoea hata akawa hazioni.

Ikaja arusi ya ndugu wa mume katika mwezi wa Shaabani. Siku tatu kabla yake mwanamke yule alikwenda kwa msusi, asimwambie mtu. Msusi akachanganya unga na maji ya dawa ya kupausha, akampaka. Nywele nyeusi hazifiki rangi ya dhahabu kwa mara moja. Hupita kwanza katika wekundu, kisha katika rangi ya chungwa, ndipo ziwe njano. Zake zilisimama katika rangi ya chungwa. Basi wakapaka mara ya pili siku ile ile, na kichwa kikamwaka moto, naye akastahimili, akidhani kuwa kuwaka huko ndiko kufanya kazi kwa dawa.

Arusini alisifiwa. Baada ya juma moja nywele zikaanza kubaki kitanani. Hazikung'oka na mashina yake. Zilikatika katikati, zimekauka kama makumbi ya nazi, na zikilowana huvutika kama uzi wa mpira kisha hukatika. Mume alipomwona alicheka, akasema, "Bibi, umekuwa kama kifaranga aliyenyeshewa." Kisha akauliza ni nani aliyemtuma kufanya vile. Mkewe hakumjibu. Na tangu siku ile akawa hakifunui kichwa chake ndani ya nyumba yake, mbele ya mumewe aliye halali yake, kama ajifunikavyo mbele ya mtu wa kando.

Ramadhani ikaingia ikatoka. Mume akaona jambo. Zilikuwako alfajiri ambazo mkewe hakuamka kusali, wala hazikuwa siku zake za hedhi. Alipomwuliza mara ya kwanza alisema kichwa chamwuma. Alipomwuliza mara ya tatu akalia, akasema kweli: ya kuwa aliogopa kukitia maji kichwa chake, kwani kila akikoga janaba nywele humjia mkononi kwa vitita, kwa hiyo amekuwa akichelewesha josho mpaka siku moja ya juma, na sala za siku zilizo kati zikipita.

Yule mtu alishikwa na khofu. Mzaha wake wa kifaranga ulikwisha ingia mahali asipopadhania, ukafika msalani. Jioni ile alimwendea maalim wake wa zamani, aliyemsomesha Juzuu na Safinatu Nnajaa, akamweleza yote, ila habari ya picha aliiruka.

Maalim alianza na lililo faradhi. Akamwambia, "Mwanangu, sala kwanza, nywele baadaye." Akamkumbusha ya kuwa faradhi za josho katika madhehebu ya Imamu Shafii ni nia na kueneza maji mwilini mwote, pamoja na nywele, nje yake na ndani yake. Kusugua si faradhi kwa Shafii, bali ni sunna. Imamu Malik ndiye aliyekufanya kuwa lazima. Basi mwenye nywele dhaifu amimine maji taratibu, ayaache yapite mpaka mashinani, wala hana haja ya kufikicha wala kukamua. Bibi Ummu Salama (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama imempasa kuvifumua visongo vya nywele zake alivyovikaza akitaka kukoga janaba, akajibiwa ya kuwa hapana, yamtosha kujimiminia kichwani makofi matatu ya maji, kisha ajieneze maji mwilini. Wanazuoni wa Kishafii wakaeleza ya kuwa hayo ni pale maji yanapofika ndani ya visongo; yasipofika, havina budi kufumuliwa. Kwa hiyo mwanamke huyu asuke visongo vichache, vilegevu, visivyovuta ngozi, na maji yatapita pasipo yeye kuzitia mkono nywele zake.

Akamsimulia pia khabari ya Bibi Aisha (r.a.), aliposikia ya kuwa Abdallah bin Amr anawaamrisha wanawake wafumue nywele zao kila wakogapo. Bibi Aisha alistaajabu sana, akauliza mbona basi asiwaamrishe wanyoe vichwa kabisa. Naye alikuwa akikoga na Mtume katika chombo kimoja, hazidishi juu ya kumimina mara tatu. Hii ni dini iliyojua, karne nyingi kabla ya dawa ya kupausha, ya kuwa nywele za mwanamke ni jambo zito kwake na ya kuwa ibada haikujengwa ili kuziteketeza.

Ama mafuta yaliyopakwa kichwani, yakiwa mepesi hayazuii josho, ijapokuwa maji huteleza juu yake. Kizuiacho ni kitu chenye kiwiliwili, kama nta iliyoganda au gundi. Na kama dawa ilikwisha ichoma ngozi ikawa kidonda, na maji yakawa ya kukidhuru, huo ni udhuru wa sharia: huosha palipo pazima, na hutayamamu kwa ajili ya palipo na kidonda. Lakini kuogopa unywele usikatike si kidonda. Na zile sala zilizopita ni deni, hulipwa upesi, na mume amsaidie kwa kumwachia nafasi na kwa kumchukulia mtoto, wala asimsimange.

Hapo maalim akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mkeo, nywele za dhahabu alizipenda alikoziona wapi?"

Yule mtu akatazama chini. Na alipoinama, maalim aliziona ndevu zake, nyeusi ti kama wino, za mtu aliyekwisha pita miaka khamsini.

Inafaa kusemwa kwa uadilifu ya kuwa kosa la nyumba ile halikuwa katika rangi yenyewe. Kubadili rangi ya nywele si haramu kwa asili yake. Hina na katamu zimesifiwa na Mtume (s.a.w.), na Abdallah bin Umar (r.a.) alikuwa akizitia ndevu zake rangi ya njano, akisema kuwa alimwona Mtume akiitumia rangi hiyo. Iliyokatazwa ni nyeusi. Siku ya kufunguliwa Makka, katika mwaka wa 8 wa Hijra, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar (r.a.), na kichwa chake na ndevu zake nyeupe kama ua, Mtume akaamrisha ibadilishwe rangi ile, na iepukwe nyeusi. Kwa hadithi hii Imamu Nawawi aliitia nguvu kauli ya kuwa piko nyeusi ni haramu kwa mwanamume, asitolewe humo ila mpigana jihadi. Basi tazama: mume aliyevunja katazo lililo wazi kila mwezi mbele ya kioo chake ndiye aliyemcheka mkewe aliyebadili rangi kwa kutaka kumpendeza yeye.

Kosa la mke lilikuwa ni madhara. Kujidhuru kumekatazwa, na kichwa kilipowaka moto kilikuwa kikisema. Kosa la mume lilianza mapema zaidi, kwani waumini wanaume wameamrishwa katika Sura ya Nur kuyainamisha macho yao, na amri hiyo haikuzitoa picha. Naye hakutosheka na kutazama, bali alimwita mwenziwe aje atazame pamoja naye kile alichokosa. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akisema ya kuwa yeye apenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo yeye ajipambe kwa ajili yake. Ni wanaume wangapi waendao msikitini kwa manukato na kanzu ya pasi, wakarudi nyumbani wakavaa kikoi kilichochanika, kisha wakadai mke awe kama picha?

Mtu yule akakiri yote, ile habari ya picha na hii ya piko. Kisha akauliza swali la haki. "Maalim, haya si maradhi yaliyomshukia. Ameyafanya kwa mkono wake. Je, mtu huandikiwa thawabu kwa kustahimili alichojiletea mwenyewe?"

Akajibiwa ya kuwa aliyejikata kwa kisu chake hana maumivu madogo kuliko aliyekatwa na mwenziwe. Baba yetu Adamu na mama yetu Hawa, walipoonja mti, hawakumtafuta wa kumlaumu. Walikiri ya kuwa wamejidhulumu nafsi zao, wakasamehewa, lakini hawakurudishwa mahali pale walipokuwa. Waliteremshwa ardhini wakaanza kuishi. Na Nabii Yunus (a.s.) ndani ya tumbo la samaki alijitaja nafsi yake kuwa katika wenye kudhulumu, na ule ukiri ndio uliokuwa uokovu wake. Toba huliondoa kosa. Kilichobaki baada ya toba ni mtihani kama mitihani mingine, na anayeuchukua kwa kuridhika ana ujira wake.

Neno lenyewe la Kiarabu, sabr, asili yake ni kuzuia na kufunga. Mwenye kusubiri ni mwenye kuifunga nafsi isikimbie, na kuufunga ulimi usilalamike, na kuifunga mikono isifanye la haramu. Imamu Ghazali katika Ihya ameipanga subira kwa kadiri ya yale ambayo mtu huzuiwa nayo, naye hakuiweka kwa wenye mikasa peke yao. Mwenye neema pia huihitaji. Na Waarabu wameuita mshubiri kwa jina lililo karibu sana na hilo, kwa uchungu wake. Kila mtoto wa pwani aliyeachishwa ziwa kwa shubiri alikwisha onja maana ya neno hili kabla hajajua kusema.

Sasa ni vizuri mume ajue anasubiri nini, kwani asiyejua kadiri ya safari huchoka siku ya kwanza. Unywele una shina lililo ndani ya ngozi, nalo lina uhai. Ule uzi utokao nje hauna damu wala hisi, ndiyo sababu hukatwa pasipo maumivu. Uzi huo umefunikwa kwa magamba membamba yaliyopandana kama magamba ya samaki, na rangi imo ndani yake. Dawa ya kupausha ni haidrojeni peroksaidi, aliyoigundua mwanakemia wa Kifaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818. Ikichanganywa na amonia na unga wa kuipa nguvu, huyainua yale magamba, ikaingia ndani, ikaiteketeza rangi. Lakini dawa haijui kuchagua. Pamoja na rangi huvivunja vile vifungo viushikavyo unywele ukawa imara. Na kitu kisichokuwa na uhai hakiponi. Yauzwayo madukani kwa jina la tiba hulainisha uzi na kupunguza kukatika kwake, nayo yana faida yake, lakini hayaurudishi ulivyoumbwa. Tiba ni moja: shina li hai litoe uzi mpya, na ule wa zamani ukatwe kidogo kidogo mpaka uishe.

Shina hutoa kadiri ya nusu inchi kwa mwezi, yaani inchi sita kwa mwaka, kwa huyu kuzidi kidogo na kwa yule kupungua. Shibiri ya mtu mzima ni kama inchi tisa. Kwa hesabu hiyo haipatikani shibiri ya nywele mpya kabla ya mwaka mmoja na nusu, na za kufika kiunoni ni kazi ya miaka mitano. Hakuna mafuta yaufanyayo mwezi mmoja kuwa miwili, hata kama mwuzaji ana ndevu na tasbihi. Ila ngozi ikiwa imetoka malengelenge au usaha, mume asingoje. Ampeleke hospitali, kwani kovu laweza kuliua shina lenyewe, na hapo subira haioteshi kitu.

Njia za mkato ziko nyingi, na karibu zote zilikwisha gonga mlango wa nyumba ile. Mama mkwe alileta nywele za bandia, za watu, zilizosafirishwa kutoka ng'ambo. Alijiliwa Mtume (s.a.w.) na mwanamke mmoja, naye akamwambia ya kuwa binti yake ni bibi arusi, na ugonjwa wa surua umempukutisha nywele, je, amwungie? Huenda hapana udhuru wa kuhuzunisha kuliko huo, na pamoja na hayo Mtume alimlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Kwa Mashafii kuunga kwa nywele za binadamu ni haramu kwa kila hali. Za mnyama zilizo tohara huruhusiwa kwa mwenye mume kwa idhini yake, katika kauli iliyo sahihi zaidi. Ama kusukia nyuzi za hariri au za sufu, zisizofanana na nywele, hakukukatazwa. Mama mkwe aliambiwa hayo kwa heshima, akazirudisha dukani, ingawa hakupewa fedha zake zote.

Msusi naye alitaka kuzifunika kwa piko. Piko nyingi zina dawa kali ya kutia weusi, na dawa hiyo imewaunguza wanawake wengi mikono na nyuso, khasa ikichanganywa na hina ili iwe nyeusi upesi; kuiweka juu ya kichwa kilichokwisha ungua ni kulirudia kosa kwa rangi nyingine. Shangazi wa mume alisema zinyolewe zote. Kunyoa ni jepesi kwa mwanamume, lakini kwa mwanamke ni makuruhu pasipo dharura, na hata katika Hija wanawake hawakuamrishwa kunyoa, ila kupunguza. Lakini kupunguza si kunyoa, na imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa wake za Mtume walikuwa wakizipunguza nywele zao mpaka zikawa fupi kadiri ya masikioni. Imamu Nawawi akaona humo dalili ya kuwa yajuzu kwa mwanamke kufanya hivyo. Basi mume amwambiaye mkewe ya kuwa nywele fupi ni aibu, na azitafutie hoja aibu hiyo, kwani katika nyumba ya Mtume hakuipata.

Njia ya mwisho ya mkato ilikuwa moyoni mwa mume mwenyewe, naye aliisema kwa sauti ndogo: je, si afadhali mke akae kwao mpaka nywele zirudi? Hapo maalim aligeuka mkali. Aibu zimpazo mume haki ya kuvunja ndoa zimehesabiwa katika vitabu vya fikihi, zimo wazimu na ukoma na mbalanga, na nywele hazimo. Na haki hapo haikuwa ya mume kwa mke, ilikuwa ya mke kwa mume. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, mlango wa nafaka, mume hulazimika kumpa mkewe vyombo vya usafi: kitana, na mafuta, na cha kuoshea kichwa. Wanja na hina na mapambo hayamlazimu, ila akiyataka, na ayalete yeye. Yaani mwanazuoni yule alihesabu mafuta ya kichwa cha mke pamoja na chakula chake na nguo zake. "Wewe," akamwambia, "tangu uoe umenunua chupa ngapi za mafuta, na chupa ngapi za piko?"

Hakujibu. Lakini kesho yake alinunua nazi.

Mafuta ya nazi, ambayo hapana nyumba ya pwani isiyoyajua, yamechunguzwa na wataalamu, yakaonekana kuwa huingia ndani ya uzi wa unywele na kupunguza kupotea kwa protini yake wakati wa kuosha, tofauti na mafuta ya madini yabakiayo juu. Hupakwa kabla ya kukoga, si baadaye tu. Kitana kiwe cha meno mapana, kianze nchani kipande juu, na nywele zikilowana ziachwe, kwani hapo ndipo zilipo dhaifu kabisa. Mashine za moto ziwekwe mbali. Ncha zikatwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Na Mtume (s.a.w.) aliyeamrisha ya kuwa mwenye nywele azikirimu ndiye aliyekataza kuzichana kila wakati, wanaume hulikumbuka la kwanza wakiwa na wake zao, na la pili hawalisikii.

Maalim alikuwa na sharti moja la mwisho kwa mwanafunzi wake: aache piko siku ile ile, wala asinyoe ndevu kuficha.

Hilo lilikuwa zito kuliko ununuzi wa nazi. Mwezi wa kwanza ndevu zake zilitoka nyeupe mashinani kadiri ya nusu inchi, na nyeusi mbele, kama ufagio uliochovywa katika lami. Wazee wa barazani walimcheka. Mmoja alimwuliza kama amezeeka kutoka ndani kuja nje. Alirudi nyumbani siku ile amenuna, akakaa ukumbini, simu haikuwa mkononi. Mkewe alimletea kahawa. Akamtazama ndevu zake, na kwa mara ya kwanza tangu Shaabani akacheka. Kisha akaogopa kuwa amekosa adabu. Mume akamwambia, "Cheka, bibi. Nimestahili." Akamwomba radhi kwa neno la kifaranga, na kwa picha zile pia. Mke hakusema kitu. Alikiondoa kikombe.

Isidhaniwe ya kuwa mambo yalinyoka papo hapo. Mwezi wa tatu, mke alikata tamaa akataka kurudi kwa msusi kuungwa. Mwezi wa tano, mume alikasirika kwa sababu ya deni la dukani, akataka kulitaja neno lile tena, akaondoka akaenda kutawadha. Sala zilizopita alizilipa mke kidogo kidogo, mbili baada ya kila sala ya wakati, na mume alikuwa akimwamkia mtoto usiku. Juu ya kichwa nywele mpya zilikuwa nyeusi na nzito, na chini yake zile za njano zilining'inia kama kitu kilichosahauliwa. Kila baada ya miezi miwili hukatwa kidogo. Mume alinunua mkasi mkali, kwani mkasi butu huziponda ncha zikapasuka tena.

Kwa Mashafii ni sunna kuzika nywele zilizokatwa, na nywele za mwanamke hata zikiisha kutoka mwilini hazifai kutazamwa na asiye maharimu yake. Basi kila zilipokatwa, mume alizichukua katika karatasi, akazifukia uani chini ya mwasumini. Ndevu zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote, naye alizitia hina.

Katika mwezi wa kumi na nane, usiku, baada ya Isha, mkewe alitoka chumbani kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa shibiri moja, nyeusi zote, ila ncha chache nyuma ya shingo ambazo mkono wake haukuzifikia. Akamkalia mbele, akampa mkasi, akamwambia, "Hizi nikate wewe."

Wallahu aalam.